Alkaloid, The Malkuth Grimoire: bila lebo waliwezaje hii, na naanzia wapi?

besi_ya_jioni:
Wakuu habari za saa hizi. Kuna jamaa kazini kanitumia albamu ya hawa Alkaloid wa Ujerumani, The Malkuth Grimoire ya 2015, akaniambia ni deth metali ya progresivu (ule muziki mzito wa kuunguruma, ila wenye mageuzi mengi) na walitoa wenyewe bila lebo yoyote, yaani bila kampuni ya muziki. Sasa mimi deth metali naijua ya kawaida, Death, Morbid Angel, hao wazee, na Opeth kidogo. Hii nimeiweka mara tatu na mara zote nimeishia njiani maana inaenda dakika sabini na ushee, ukidhani umeshika mdundo wanageuza, mara wanaunguruma mara anaimba kwa sauti safi kabisa, mara gitaa kama la kanisani. Maswali mawili. Bendi isiyo na lebo inapata wapi hela ya kurekodi kitu kisafi hivi? Na nikitaka kuielewa nianzie ngoma gani? Halafu mke wangu kaona jina kwenye simu kauliza kama nimeanza mambo ya uganga, hilo nalo nisaidieni lol

mzee_wa_dramu:
Karibu sana mkuu. Kwanza elewa hawa si vijana waliojikusanya jana gereji. Mpiga dramu Hannes Grossmann na mpiga gitaa Christian Muenzner wamo kwenye Epitaph, albamu ya bendi ya Necrophagist ya 2004, wakaja bendi ya Obscura pamoja, wakatoka 2014. Besi ni Linus Klausenitzer, naye alikuwa Obscura, anapiga ile besi isiyo na freti (vile vyuma vya kugawa noti kwenye shingo), ndiyo maana noti zake zinateleza kama mtu anaimba. Gitaa jingine kwenye albamu hii ni Danny Tunker, sauti na gitaa ni Morean aliyeimba bendi ya Dark Fortress. Kwa hiyo lebo hawakuwa nayo ila majina walikuwa nayo.

Hela walifanya harambee. Si utani, ni harambee kabisa ila ya mtandaoni, kupitia Indiegogo: unachanga kabla albamu haijatoka, ikitoka unapata ya kwako. Grossmann alishaijaribu njia hiyo na albamu yake binafsi 2014 kwa hiyo alijua watu watachanga. Na kingine watu hawakizingatii, huyo huyo Grossmann ni fundi wa studio, ana yake, kwa hiyo ile gharama inayoua bendi nyingi (siku za studio) kwao ilipungua. Ukiwa na dramu nzuri, fundi ndani ya bendi na mashabiki waliokwisha kukujua, lebo inabaki kuwa ya usambazaji tu. Bendi changa isidhani itaiga hivi hivi, mchango unachangiwa na wanaokufahamu.

Zuhura_na_Utaridi:
Mimi nakujibu la pili. Usianze mwanzo! Carbon Phrases inafungua albamu na ni tamu ila inakurushia kila kitu kwa mpigo. Nenda moja kwa moja kwenye zile nne za Dyson Sphere, zisikilize peke yake kama albamu ndogo: Mercury, Assembly, The God Oven, halafu Dyson Sphere yenyewe. Kisa chake kinatoka kwa mwanafizikia Freeman Dyson, 1960 aliandika kwamba viumbe walioendelea sana wangeweza kuizungushia nyota yao mitambo wakaikusanya nishati yake yote. Sasa malighafi ya kujengea utaitoa wapi, unavunjavunja sayari, na iliyo jirani na jua ni Utaridi, ndiyo hiyo Mercury. Ukijua hicho kisa muziki unajipanga wenyewe kichwani, unasikia kazi inaanza, unasikia mitambo inaunganishwa. Mimi God Oven ndiyo iliniteka, naiweka nikiwa napika na nimeshaunguza wali mara moja.

Kuhusu mke wako, mwambie Malkuth ni Kiebrania, ufalme, na mzizi wake ni ule ule wa Kiarabu uliotupa malkia na milki. Grimoire ndiyo kitabu cha uchawi, hapo huna pa kujificha, mwambie ni kama vitabu vya falaki vya babu zetu wa pwani.

chuma_chakavu:
Nitapingana kidogo. Albamu kali, ila ni ndefu kupita kiasi, na sababu ndiyo hiyo hiyo mnayoisifia, hakukuwa na mtu wa nje wa kusema jamani hizi mbili tuziache. Ile ngoma ya Cthulhu nzito, inajikokota vizuri, naipenda. Lakini nikifika mwishoni masikio yameshachoka, ngoma ambazo zingekuwa kubwa kwenye albamu ya dakika arobaini zinapita sijazisikia. Lebo ina ubaya wake ila mkasi nao una kazi.

mzee_wa_dramu:
@chuma_chakavu mkuu hoja yako inakwama sehemu moja. Albamu iliyofuata, Liquid Anatomy ya 2018, walitoa chini ya lebo ya Season of Mist, na ndani kuna Rise of the Cephalopods (yaani jamii ya pweza) inayokaribia dakika 20 wimbo mmoja. Mkasi ulikuwa wapi? Hawa ndivyo walivyo. Morean ni mtunzi wa muziki wa okestra na anapiga flamenko, mtu wa namna hiyo haogopi urefu.

chuma_chakavu:
Hiyo ya pweza nakubali 😂 ila angalau mle ndani urefu wote umewekwa sehemu moja, ukijisikia unaruka.

besi_ya_jioni:
Asanteni sana, dada Zuhura hasa. Jana usiku nimezisikiliza zile nne gizani na spika za masikioni, hata simu sikushika. Mercury nimerudia. Nilipokuwa naona wanageuza ovyo kumbe kuna kale kasauti ka gitaa kanarudi rudi, sikuwa nimekasikia kabisa. Cthulhu bado. Mke wangu kauliza kama malkia ndiye yeye, nimejibu ndiyo, mjadala ukaishia hapo. Kuna mtu anajua nikinunua Bandcamp, ile tovuti ya kuuza muziki, naweza kulipa kwa ile kadi ya mtandaoni ya M-Pesa au hadi kadi ya benki?

mzee_wa_dramu:
Ile ni Visa, jaribu. Weka na hela ya makato, mimi mara ya kwanza ilinigomea kwa shilingi chache tu.