Tuuze kiwanja cha Muyeye kwa ajili ya "sindano ya jeni"?

MamaKhamisi, Malindi
Asalaam aleikum wanajukwaa. Mwanangu wa miaka tisa ana selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu kujipinda. Kusi ikivuma baridi, miguu humshika usiku mpaka anauma mto. Sasa kuna wakala anapita mitaani, asema ng'ambo kuna sindano moja ya kubadilisha jeni, mtoto apona kabisa. Babake ashaanza kutafuta mteja wa kiwanja. Tuuze?

FundiMaabara
Waaleikum salaam mama. Msiuze. Tiba ipo kweli, yaitwa Casgevy. Uingereza waliipitisha Novemba 2023, Marekani Desemba. Lakini si sindano moja! Mgonjwa huchujwa seli mama za damu, zikapelekwa maabara kukatwa kwenye swichi ya jeni BCL11A. Jeni hiyo ndiyo huzima himoglobini (kibeba hewa cha damu) tunayokuwa nayo tumboni mwa mama. Ikinyamazishwa, himoglobini ile hurudi, na chembe nyekundu hazijipindi ovyo tena. Kabla ya kurudishiwa seli zake, hupewa dawa kali ya kusafisha uboho, jamii ya zile za saratani: nywele hutoka, uzazi waweza kuharibika, na hulazwa wiki kadhaa. Tena ilipitishwa kwa wenye miaka 12 kwenda juu. Bei ya Marekani ni dola milioni 2.2. Hicho kiwanja kina mafuta chini?

AmiWaShela
Mimi naona huku ni kuchezea maumbile ya Mola.

FundiMaabara
Ami, kinachoguswa ni damu yake tu, mbegu za uzazi hazimo. Hata akipona, wanawe watarithi jeni ya ugonjwa kwake vilevile, kwa hiyo siku ya posa mchumba apimwe kama naye anayo.

BintiKilifi
Mama, anatumia ile dawa ya kumeza, haidroksiyurea? Nayo hupandisha himoglobini hiyohiyo ya tumboni mwa mama, bila kukata jeni yoyote. Ilijaribiwa kwa watoto hapahapa Kilifi, na Angola, Kongo na Uganda. Majibu yalitoka mwishoni mwa 2018: maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo, vyote vilipungua. Ni ya kila siku, na damu hupimwa mara kwa mara. Huyo wakala muulize hospitali gani.

MamaKhamisi
Hatujaandikiwa hiyo, ana foliki ya kusaidia damu na Paludrine ya kuzuia malaria tu. Jumanne tuna kliniki, ntauliza. Wakala nimempigia sasa hivi. Asema nitume nusu ya pesa kwanza, ndipo anitajie hospitali.

AmiWaShela
Hapo hata mimi nasema usitume.