Umeme wa buti kwenye Probox: kurefusha kutoka mbele, kuvuta toka betri, au betri ya kubeba?

mzee_wa_kideri
Wakuu habari za jioni. Nazungusha chanjo za kuku kwa wafugaji, Kisarawe na Mkuranga, siku nyingine hadi Kibaha. Kideri, gumboro, ndui. Mzigo unatakiwa ukae kati ya nyuzi 2 na 8. Ukizidi joto umeharibika, na zile za virusi vilivyouawa zikiganda nazo ndio basi. Kwa hiyo nimenunua friji ndogo ya gari, ya kompresa, lita 20 hivi. Kibati chake kinasema volti 12, wati 60. Inakaa butini.

Shida ni kwamba Probox yangu haina tundu la umeme huko nyuma. Navuta kutoka kwenye kiwashio cha sigara pale mbele, kwa waya wa kurefusha unaopita katikati ya siti. Wiki iliyopita nikiwa njia ya Kisarawe, matuta yakalegeza plagi bila mimi kujua. Kufika kwa mteja friji inasoma nyuzi 15. Mzigo wote nikaumwaga, na mteja nikamrudishia hela yake.

Nimeuliza mafundi watatu, nimepata majibu matatu. Wa kwanza: nunua waya mzuri zaidi wa kurefusha, basi. Wa pili: agawe umeme kutoka kwenye taa ya buti, dakika kumi kazi imeisha. Wa tatu: avute waya mpya toka betri hadi nyuma, na bei yake ni mara tano ya wenzake. Halafu shemeji yangu anasema niachane na gari kabisa, ninunue betri ya kubeba. Nyie mngefanyaje?

waya_mwekundu
Mkuu, huyo wa taa ya buti mkimbie. Ule waya ni mwembamba kama wa redio ya mfukoni, na fyuzi yake mara nyingi inashirikiana na taa ya ndani na vitu vingine vidogo. Friji ikianza kunguruma, ama fyuzi inakatika ukabaki huna hata taa ya mlangoni, ama fundi mwenye haraka anaweka fyuzi kubwa zaidi "isisumbue". Hapo waya ndio unageuka kuwa fyuzi, na unaungulia chini ya zulia ambako huuoni.

Watu wengi hawalielewi hili: fyuzi hailindi friji. Inalinda waya. Ndiyo maana kwenye ule waya wa toka betri fyuzi inakaa mwanzoni, shubiri moja kutoka kwenye betri, haikai butini karibu na tundu. Waya ukichubuka ukagusa bodi katikati ya safari wakati fyuzi iko mwisho wa njia, fyuzi hiyo haina habari. Moto wa betri nzima unapita pale palipochubuka.

Mimi nafanya kazi hii Ilala mwaka wa kumi na moja. Magari niliyoletewa yakinuka plastiki iliyoungua, mengi tatizo ni hilohilo moja.

mama_mtindi
Kaka pole kwa hasara. Mimi niko Kigamboni, napeleka mtindi Posta na Upanga kila asubuhi. Siku ambayo sipiti darajani, foleni ya pantoni inaweza kunila saa nzima na gari limezimwa. Hebu jiulize kwanza: gari lako linasimama muda gani likiwa limezimwa? Mimi jibu la swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye betri ya kubeba. Naichaji nyumbani usiku, asubuhi naiweka pembeni ya friji, gari halihusiki na lolote. Nikifika naishusha na friji yake hadi kwenye kibanda.

Ubaya wake ni bei. Ilinigharimu kuliko friji yenyewe. Na usiiache kwenye gari lililofungwa vioo juani, betri za namna hiyo hazipendi joto.

dereva_mstaafu
Vijana mnapenda kujitesa. Miaka ile tulibeba dawa na kasha la barafu, vipande vya jeli vilivyogandishwa, gazeti katikati ili chupa zisiguse barafu, na kipimajoto ndani. Dar hadi Morogoro bila waya hata mmoja. Kwa Kisarawe, saa tatu nne, friji ya nini?

mzee_wa_kideri
@dereva_mstaafu shikamoo mzee. Kasha ninalo na nimelitumia miaka. Kinachonitoa jasho ni kulifungua. Nina vituo kumi na viwili kwa siku, kila kituo kifuniko juu, na jua la saa saba unalijua. Saa tisa jeli imekuwa maji.

@mama_mtindi kwa mteja nakaa dakika 20 hadi 40, gari limezimwa. Mchana nala, hapo inafika saa nzima. Usiku mzigo unarudi kwenye friji ya nyumbani.

dereva_mstaafu
Marahaba. Kumi na viwili ni vingi, sikatai. Ila kasha usiligawe, liwe la akiba.

hesabu_kwanza
Naomba niweke namba, maana "waya mnene" kila mtu ana wake kichwani.

Wati 60 kwa volti 12 ni ampea 5. Kompresa inapoanza inaruka juu zaidi, kwa hiyo nitapigia hesabu ampea 10. Kutoka betri hadi buti, ukifuata kona za gari, weka mita 5. Ukivuta waya mbili, kwenda na kurudi, ni mita 10 za shaba.

Kwa ampea 10, waya wa milimita za mraba 1.5 unakula karibu volti 1.2 njiani. Wa 2.5 unakula 0.7. Wa 4 unakula chini kidogo ya nusu volti. Kwa ampea 5 gawa zote kwa mbili.

Sasa angalia. Gari limezimwa, betri imepumzika kwenye volti 12.4. Friji hizi zina ulinzi wa betri, unachagua juu, kati au chini, na ule wa juu kwa nyingi unakata volti zikishuka hadi 11 na kidogo. Kwa waya wa 1.5, kompresa inapojaribu kuwaka friji inaona volti 11.2 na inajizima, wakati betri haina tatizo lolote. Unalaumu friji, unalaumu Mchina, kumbe ni waya. Na ile ya kurefusha inayouzwa na plagi zake tayari, mingi haifiki hata hiyo 1.5.

kijana_wa_alphard
Mbona mnateseka wakuu. Alphard yangu ni haibridi, imekuja na tundu kama la ukutani kabisa, wati 1500. Nachomeka chochote 😎

waya_mwekundu
Chochote cha Japani. Hilo tundu ni volti 100, vitu vya kwetu ni 230. Kuna mteja alichomeka feni yake ya mezani ikazunguka kama inaogopa. Chaja za simu na kompyuta zilizoandikwa 100–240 hazina shida. Pasi ya dukani kwetu usitegemee itanyoosha shati.

kijana_wa_alphard
Aisee. Ndiyo maana blenda ilikuwa inanung'unika tu.

mtu_wa_tegeta
Na inveta je? Wati 300 pale Kariakoo sio ghali, anafunga nyuma, anapata 230, anachomeka friji na plagi yake ya ukutani.

hesabu_kwanza
Unatoa 12 unapandisha 230, halafu adapta ya friji inaishusha tena kuwa 12, na kila hatua inakula ushuru wake. Inveta yenyewe inakula umeme hata ikiwa haina kazi. Na ukiitumia yote hizo wati 300 inavuta zaidi ya ampea 25 toka betri, wakati tundu la kiwashio cha Toyota limeandikwa 12V 120W, yaani ampea 10. Kama shida ni kuchaji kompyuta porini, sawa. Kwa friji ambayo tayari inakula volti 12, ni kuzunguka Mbuyuni kwenda Mnazi Mmoja.

mama_mtindi
Jamani kuna njia ya katikati ambayo hamjaitaja. Mdogo wangu kwenye IST yake fundi alichomeka kitu kwenye boksi la fyuzi, fyuzi mbili zinakaa juu ya nafasi moja, akatoa waya hapo hadi nyuma. Hakugusa betri. Ukizima gari, tundu linazima.

waya_mwekundu
Nakubali dada, ni kazi safi kwa chaja za simu, taa, pampu ndogo ya upepo. Waya ni mfupi na hutoboi njia ya injini. Lakini unaazima umeme wa njia iliyopimwa kwa kazi nyingine. Na kwa mwenzetu hapa inamzimia friji kila kituo, vituo kumi na viwili. Ndiyo hasara yake.

Mkuu wa chanjo, ningekufanyia hivi. Waya wa 4, wa nyuzinyuzi, mwekundu na mweusi, vyote viwili toka betri. Fyuzi ya ampea 15 palepale kwenye betri. Kwenye ukuta wa injini unapita kwenye mpira uliopo, na ukitoboa tundu jipya lazima uvishe mpira, chuma kitupu kinakata waya kama kisu. Ndani unapita chini ya vile vikanyagio vya mlangoni, ambavyo vinang'oka kwa mkono. Ukikuta soketi za njano chini ya siti au pembeni, hizo ni za mifuko ya hewa, usiziguse wala usifunge waya wako nazo. Usipite pia kwenye reli za siti, siku mtu akisogeza siti anaukata.

Katikati naweka rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo) na swichi ya pande tatu. Upande mmoja tundu linafuata ufunguo. Katikati limezimwa. Upande wa pili lina umeme muda wote. Ukiwa kwenye mzunguko weka muda wote, na friji iweke ulinzi wa juu. Ukifika nyumbani weka katikati. Ukisahau, asubuhi utatafuta wa kukusukuma.

mtu_wa_tegeta
Kwa nini asirudishie nega (ule waya hasi, mweusi) kwenye bodi? Anaokoa nusu ya waya.

waya_mwekundu
Inafanya kazi, na magari yametengenezwa hivyo. Ila hapa kwetu kuna chumvi ya bahari na kuna Jangwani. Boliti ya nega ikishika kutu friji inaanza kuzima na kuwaka, na utamaliza mwezi ukitafuta kosa. Kama lazima bodi, kwangua rangi hadi chuma king'ae, tumia kichwa cha waya cha pete, kaza, paka grisi. Na isiwe boliti ya mkanda wa siti, nakuomba.

Nikikumbuka Jangwani: viungo vya kusokota na kufunga nailoni chini ya zulia marufuku. Maji yakiingia mara moja tu, kijani kinaanza kuota ndani ya shaba.

hesabu_kwanza
Na waya wenyewe ukanunue kwa macho. Kuna waya wa spika umevimba plastiki nje, ndani ni aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukitoka mweupe, rudisha. Ule wa nyumba, wa uzi mmoja mgumu, ni shaba kweli lakini gari linatikisika, unachoka na kukatika ndani bila kuonekana.

dereva_mstaafu
Betri ya hiyo Probox saizi gani?

mzee_wa_kideri
NS60, mzee. Ina miezi minane.

hesabu_kwanza
Hiyo ni ampea-saa (Ah) 45 ikiwa mpya. Usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una kama 20 za kuchezea. Kompresa ikifanya kazi bila kupumzika ni saa nne. Kwa kuwa inapumzika na wewe unasimama saa moja tu kwa mara, huna wasiwasi, mradi altaneta, ile inayochaji betri gari likiwaka, iko sawa na huendi umbali wa nyumba mbili tatu halafu unazima tena. Kituo hadi kituo ni kilomita ngapi?

mzee_wa_kideri
Tano hadi kumi, mara chache chini ya hapo.

hesabu_kwanza
Basi waya wa toka betri. Betri ya kubeba kwako ni hela nyingi kwa tatizo ambalo huna.

mama_mtindi
Mimi bado nasema siku gari likiwa gereji utanikumbuka 😂

mzee_wa_kideri
*(Wiki mbili baadaye)*
Wakuu, mrejesho. Nimevuta waya wa 4 wenye nyuzinyuzi, fyuzi ya 15 kwenye betri, rilei na ile swichi ya pande tatu. Nilikaa na fundi mwanzo mwisho, akakasirika kidogo nilipomwambia ahamishe fyuzi, alikuwa ameiweka butini. Tundu la sigara nililiacha, nikaweka plagi ile ya kijivu ya Anderson, maana inashika na haichomoki kwa tuta.

Tumepima kwa mita: gari likiwaka, betrini 14.1, butini friji ikifanya kazi 13.9. Juzi Mkuranga, vituo kumi na kimoja, mchana nilikaa saa na robo nakula wali samaki gari limezimwa. Friji ilisoma 4 na 5 siku nzima. Kasha la mzee nalo liko nyuma na jeli zake.

Jana tu ndiyo nilisahau swichi upande wa muda wote. Asubuhi friji ilikuwa imejizima yenyewe, gari likawaka kwa shida kidogo, lakini liliwaka.

waya_mwekundu
"Kwa shida kidogo" ni betri inakuambia kitu. Weka taa ndogo nyekundu kwenye hiyo swichi, iwake upande wa muda wote. Pita Ilala siku yoyote, dakika tano.

mzee_wa_kideri
Nakuja Jumamosi mkuu. Na utanisaidia jambo jingine: fundi alitoboa tundu la plagi palepale jeki inapokaa. Sasa hivi jeki naiweka chini ya siti ya abiria.