Naomba ushauri: niandikeje kuhusu ndoa za utotoni bila kumtonesha mtu kidonda?

Ndugu zangu, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sosholojia, na tumetakiwa kuandika tafakari juu ya suala la kijamii lililotikisa vyombo vya habari. Nimechagua Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo kifungu chake cha 13 kiliweka umri wa chini wa ndoa kwa msichana kuwa miaka 15 na kwa mvulana 18, tofauti ambayo Mahakama Kuu ya Tanzania iliamua mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaafiki mwaka 2019, kwamba ni kinyume cha Katiba.

Upande wa sheria haunisumbui. Kila nikishika kalamu namwona binti wa jirani yetu, niliyekaa naye dawati moja darasa la saba, ambaye sketi yake ya shule niliikuta baadaye kwao imekatwa kuwa kitambaa cha kufutia meza. Wazazi wake si wakatili. Walikuwa na deni. Je, nisimulie habari zake bila kutaja jina, au nimwombe ridhaa kwanza, na nimwanzie wapi, ilhali sasa ana watoto wawili na hatujazungumza miaka minne? Kazi inakusanywa Ijumaa.