Tupeane uzoefu: Wana Dodoma na Kanda ya Kati, mliitazama wapi Stars ikicheza AFCON?

Mtoa mada
Wakuu, heshima kwenu. Habari za Taifa Stars siku zote husimuliwa na waliokuwa uwanjani Kwa Mkapa, Dar. Sisi wa huku, kuanzia Kongwa mpaka Manyoni, tumeishangilia kwenye redio, vibanda umiza na simu za kuchungulia watu sita, na hakuna aliyeyaandika hayo. Fainali za AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, tumefika mara nne: Nigeria 1980, Misri 2019, Ivory Coast Januari 2024, na Morocco juzijuzi. Mechi 13, hatujashinda hata moja, na bado vibanda vinajaa mpaka watu wanasimama nje. Ulikuwa wapi? Ulikuwa na nani? Karibuni.

Mzee wa Kondoa
Wanangu, mimi nilikuwepo 1980. Bara hakukuwa na televisheni wakati ule, kwa hiyo mpira tuliutazama kwa masikio. Redio ilikuwa moja, ya mwalimu wetu, na betri zake zilikuwa zimechoka. Mchana kutwa tulizianika juu ya bati zipate nguvu, na vijana wawili walikaa kuzilinda watoto wasizichezee. Jioni tukafunga waya kwenye mwarobaini, mwalimu akazungusha kile kitufe taratibu kama mtu anayefungua kidonda. Sauti inakuja, inakwenda. Nigeria wakatufunga 3-1, Misri 2-1, kisha sare ya 1-1 na Ivory Coast, bao la Thuweni Ally. Hiyo sare tuliishangilia kama kombe. Maana tiketi yenyewe tuliipata kwa jasho: Ndola, Zambia, 1979, bao la Peter Tino. Vijana mkimtaja Samatta mtajeni na Tino, na mtajeni Leodegar Tenga, aliyekuja kuwa rais wa TFF, shirikisho letu la soka. Wale walifungua njia, kisha tukasubiri miaka 39.

Mdau wa Area C
Shikamoo mzee wangu. Umenitoa machozi na hizo betri.

Mama Lishe wa Sabasaba
Mzee shikamoo. Mimi nasimulia ile siku ya kufuzu kwenda Misri, Machi 24, 2019. Jumapili jioni, Stars na Uganda. Nilikuwa na televisheni ndogo juu ya kabati la vyombo. Shida ni kwamba kushinda peke yake hakutoshi: Lesotho nao walikuwa wanacheza na Cape Verde kule Praia, na wakishinda, sisi tunabaki nyumbani. Basi kijana mmoja wa bodaboda akapewa kazi ya kushika simu tu, asitazame televisheni, atupe habari za Praia. Msuva akafunga, Nyoni akafunga kwa penalti, Aggrey Morris akamaliza la tatu. Banda zima linaruka, yule kijana bado kainamia simu na helmeti yake kichwani. Alipoinua mkono na kusema "Praia sare, bila bila!" sikuona tena sahani wala mteja. Wanaume wazima walilia pale kwangu. Kesho yake walirudi kulipa, wote, na hilo sitalisahau.

Fundi wa Ihumwa
Misri hiyohiyo. Saiti tulikuwa na fundi Mkenya, na Stars na Harambee zikakutana, saa tano usiku kwa saa zetu. Tuliongoza mara mbili, Msuva kisha Samatta, mwisho tukalala 3-2. Olunga mawili. Asubuhi alitununulia chai wote bila neno. Muungwana sana yule.

Kijana wa Chang'ombe
Yangu ni ya Zambia, Januari 2024. Kibanda umiza, kiingilio jero, turubai juu, mvua ya Dodoma mnaijua mwezi huo. Msuva katufungia mapema, Zambia wakabaki kumi kabla ya mapumziko. Tukajua leo ndiyo leo. Kipindi cha pili umeme ukakata. Mwenye kibanda akakimbilia jenereta, tukawa tunamulika kwa simu huku yeye anavuta kamba, maji yanashuka kwenye turubai. Picha iliporudi zilibaki dakika chache, na ya 88 Patson Daka akasawazisha kwa kichwa. Hakuna aliyesema kitu. Ule ushindi tulikuwa tumeushika mkononi, na mpaka leo unaniuma.

Msafiri wa SGR
Mechi ya Tunisia, Desemba 30, 2025, nilikuwa kwenye treni narudi Dodoma. Behewa zima limezunguka simu moja. Tumefungwa bao moja, kipindi cha pili kinaanza, Fei Toto anasawazisha, watu wanakumbatiana na wasiofahamiana. Tukapita Kilosa, yale mahandaki yakameza mtandao. Tunatoka, picha inaganda, tunaingia tena gizani. Abiria mmoja mama mtu mzima akaanza kuomba dua kwa sauti, behewa likaitikia. Tulipopata mtandao, ilikuwa 1-1 na mpira umekwisha. Mara ya kwanza Stars kuvuka makundi! Morocco walitutoa kwa bao moja la Brahim Díaz, lakini mwenyeji yule alihangaika.

Mama Lishe wa Sabasaba
Mwanangu wa treni, AFCON ya 2027 iko kwetu, Kenya na Uganda. Nataka niione Stars kwa macho yangu, siyo juu ya kabati. Nielekeze: tiketi ya treni nikate mapema kiasi gani?

Msafiri wa SGR
Mama, ratiba ikitoka tu, siku hiyohiyo kata ya kwenda na kurudi. Na ya uwanjani usingoje getini. Nikijua tarehe nitaandika hapahapa, twende behewa moja.

Mzee wa Kondoa
Niwekeeni na mimi nafasi, ya dirishani.