Intro ya tamthilia ya mtandaoni: tuweke sekunde ngapi, na bado ina kazi?

Kamera_Moja
Habari zenu wakuu. Tunamalizia kuhariri tamthilia ya mtandaoni, episodi 8, kila moja dakika 24 hivi. Mtunzi wa muziki katuletea wimbo wa ufunguzi wa sekunde 75, mtamu kwelikweli. Sasa timu imegawanyika. Wapo wanaotaka intro kamili, sura na majina ya waigizaji wote kama zamani. Wengine wanasema onyesha jina la tamthilia sekunde 5 tusonge mbele, maana siku hizi kila mtu anairuka. Naomba wajuzi mnisaidie: kwa nini intro zimefupishwa hivi, na tukiamua kuwa nayo, tuangalie nini ili tusiharibu?

MezaYaUhariri
Watu wanakilaumu kitufe cha kuruka intro, lakini kilimkuta mgonjwa hoi tayari. Netflix walikiweka mwaka 2017. Stesheni za Marekani zilianza kukata intro tangu miaka ya 1990.

Piga hesabu uone. Komedi ya nusu saa ikiondolewa matangazo inabaki na dakika 22 hivi. Intro ya dakika moja inakula asilimia 4.5 ya muda huo, yaani nafasi ya matangazo mawili ya sekunde 30. Halafu kuna rimoti: kipindi kikiisha na kingine hakijashika kasi, hapo ndipo mtazamaji anahama. Stesheni ya NBC mwaka 1994 wakaanza kuyabana majina yanayopita mwishoni mwa kipindi pembeni mwa skrini ili tangazo la kipindi kinachofuata liendelee palepale. Intro nazo zikanyofolewa kwa hofu hiyohiyo. Komedi ya Frasier, iliyoanza 1993, inafungua kwa mchoro wa majengo ya Seattle na kipande kifupi cha muziki, basi. Kufika 2004, tamthilia ya Lost ilikuwa na neno moja tu linaloelea gizani.

Majina ya waigizaji hayakufutwa, kwa sababu yako kwenye mikataba. Yalihamia chini ya skrini, juu ya sini (onyesho) ya kwanza. Na hili lina gharama ambayo wengi hawaioni: mwandishi analazimika kuiacha sini hiyo nyepesi. Mtu anashuka kwenye gari, anafungua mlango, anasalimiana. Hakuna anayeweza kusoma jina na papo hapo akafuata mazungumzo mazito. Kwa hiyo ile dakika uliyodhani umeiokoa, mara nyingi umeilipa kwa sini iliyopooza.

Zamani intro ilikuwa na kazi ya kueleza hadithi kwa anayekutana nayo katikati ya msimu. Wimbo wa komedi ya Gilligan's Island (1964) unasimulia safari, dhoruba na nani wamekwama kisiwani, ukitaja wahusika mmoja mmoja. Msimu wa kwanza wawili walifichwa ndani ya "na wengineo", msimu wa pili ndipo wakatajwa. Leo mtazamaji wa mtandaoni anaanza na episodi ya kwanza, kwa hiyo kazi hiyo imekufa. Usitengeneze intro ya kueleza hadithi.

Sauti_Kwanza
Mkuu hapo juu kaeleza upande wa stesheni zenye matangazo, na kaeleza vizuri. Ila chaneli ya kulipia ya HBO, ambako hakuna tangazo la kuuza katikati ya kipindi, walienda njia nyingine kabisa. The Sopranos (1999) inampeleka mtu mmoja kwa gari kutoka Lincoln Tunnel mpaka nyumbani kwake New Jersey, karibu dakika moja na nusu. Game of Thrones (2011) ilizidi hapo, na watu waliitazama, kwa sababu ramani ilibadilika kulingana na maeneo ya episodi husika. Intro yenye kitu kipya kila mara huwa hairukwi ovyo. The Simpsons nao wana kiti chao: mzaha wa familia kukaa kwenye sofa hubadilika, na episodi ikiwa fupi mzaha unarefushwa kujaza muda. Ujanja wa mhariri huo, si wa msanii tu!

Kwa Kamera_Moja: tamthilia ya dakika 24 haibebi sekunde 75. Mtu akitazama zote 8 kwa mkao mmoja, ni dakika 10 za wimbo uleule. Ningefanya hivi: episodi ya kwanza sekunde 30 hadi 35, zinazobaki 12 hadi 15, na wimbo mzima uuweke mwishoni chini ya majina.

Usifupishe wimbo kwa kuuzimisha polepole. Unasikika umekatwa, na umekatwa kweli. Mwombe mtunzi faili tofauti za mdundo, besi, vinanda na sauti ya mwimbaji, kisha atengeneze toleo fupi linaloishia kwenye noti ya kumalizia kifungu. Kama hana faili hizo, kata penye pigo la kwanza la mzunguko na uache mwangwi wa noti ya mwisho uingie kidogo kwenye sini.

Kosa kubwa kuliko yote ni sauti. Muziki uliobanwa (sauti zake ndogo zimepandishwa zikaribie kubwa) unaweza kuonyesha kilele, yaani pigo la juu kabisa kwenye mita, sawa na mazungumzo lakini masikioni ukawa mkubwa mara mbili. Mtazamaji anapunguza sauti kwenye intro, hasikii sentensi ya kwanza, anaongeza tena. Pima kwa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia, si kwa kilele. Kiwango cha utangazaji Ulaya ni -23 kwa kipindi kizima. Netflix wanataka -27, ikipimwa kwenye mazungumzo. Pima intro peke yake, kisha mazungumzo ya dakika ya kwanza, uhakikishe muziki hauyazidi kwa zaidi ya desibeli 3 au 4.

FremuKwaFremu
Naongezea upande wa maandishi.

Jina moja lipe sekunde 2, mawili kwa pamoja 3. Kipimo rahisi: lisome kwa sauti mara mbili, likitoweka kabla hujamaliza, ni fupi mno. Maandishi yabaki ndani ya asilimia 90 ya upana na urefu wa picha. Fonti nyembamba nyeupe juu ya picha inayotembea hupotea kwenye simu baada ya video kubanwa, ongeza unene au kivuli hafifu.

Toa pia nakala ya intro isiyo na maandishi yoyote, na uiweke kwenye hifadhi pamoja na faili ya mradi. Akitokea mnunuzi anayetaka lugha nyingine, bila nakala hiyo mtaitengeneza intro upya.

Kuhusu kitufe: baadhi ya mifumo ya kutazamia video, Plex tangu 2020 mmojawapo, huitafuta intro kwa kulinganisha sauti za episodi za msimu mmoja. Kipande kinachojirudia ndicho kinachowekewa alama. Ukipitisha mazungumzo juu ya wimbo, au ukibadilisha toleo la muziki kila episodi, alama inakosea. Dalili yake ni mtu kubonyeza na kutua katikati ya neno la kwanza. Acha nusu sekunde kati ya noti ya mwisho na neno la kwanza, yaani fremu 12 au 13 kama mnafanya 25 kwa sekunde.

Kamera_Moja
Asanteni sana wakuu. Moja la mwisho: intro ianze sekunde ya kwanza kabisa, au baada ya sini ya mtego, ile fupi ya kumnasa mtazamaji?

MezaYaUhariri
Baada ya sini, dakika moja mpaka mbili, ila iishie kwenye swali na si kwenye jibu. Sini ikijifunga vizuri, intro inageuka kuwa mahali pazuri pa kufunga simu. Isipokuwa episodi inayoanza palepale ilipokatikia iliyotangulia: hapo weka jina la tamthilia peke yake, sekunde 5, juu ya kimya. Na majina ya waigizaji yapeleke mwisho, mkiwa mmelikubali hilo kwenye mikataba. Kagueni kabla ya kuitoa faili ya mwisho, maana mwigizaji aliyeahidiwa jina mwanzoni atalidai.