Nimepewa upinde wa zamani, nataka kuwinda kulungu Pennsylvania: naomba ushauri

Mdigo wa Erie (mtoa mada)

Wakuu salaam. Niko Pennsylvania mwaka wa sita sasa. Kazini kulikuwa na mzee mmoja wa Kizungu, amestaafu mwezi uliopita. Siku yake ya mwisho aliniita kwenye gari, akafungua buti, akanipa upinde. Si ule wa magurudumu na nyaya unaojaa madukani. Huu ni wa mbao, ncha zake zimejikunja kwa mbele, na kwenye tumbo umeandikwa kwa wino mweupe paundi 50, inchi 28. Akaongeza mishale sita ya mbao yenye manyoya ya bata mzinga. Kasema bega lake limekwisha, niutumie mimi.

Sasa hawa kulungu wa mkia mweupe wanapita nyuma ya nyumba yetu kila jioni kama mbuzi wa jirani. Mke wangu akiwaona anasema, "Nyama zinatembea tu, na sisi tunaendesha saa nzima kufuata buchari ya halali." Msimu wa mishale unafunguliwa mwanzoni mwa Oktoba, na leo ni Agosti. Nimejaza matambara kwenye boksi napiga kutoka yadi 10. Kati ya sita inaingia mmoja, wakati mwingine miwili. Mkono wa kushoto umevimba, una mistari myekundu pale ugwe unapochapa.

Naomba kujua: je, naweza kuwa tayari Oktoba hii? Na nikimpiga akafa kabla sijamfikia na kisu, nyama yake inalika kwetu Waislamu? Wanaotaka kunicheka wanicheke, lakini wanipe na jibu.

Fundi Podo

Mkuu hongera, ila huo upinde utundike ukutani kwanza. Nasema hivyo kwa mapenzi.

Paundi 50, yaani nguvu ya kuuvuta, si za mtu anayeanza. Hiyo michapo mkononi ndiyo ushahidi: upinde ukikuzidi nguvu, bega linapanda, kiwiko kinaingia ndani, ugwe unakutana na nyama. Sheria ya Pennsylvania kwa kulungu inataka angalau paundi 35. Tafuta upinde wa kufungua vipande vitatu, ambao mikono yake ya juu na chini inabadilishwa. Anza na ya paundi 25 au 30, ukishazoea unapanda. Kingine, hiyo inchi 28 iliyoandikwa ni urefu wa kuvuta. Kama mikono yako ni mifupi na unavuta 26 tu, upinde uleule unakupa pungufu ya 50 kwa paundi tano hivi. Wengi hawalijui hili, wananunua kwa kusoma maandishi tu.

Upinde wa zamani una mambo yake. Chukua pamba, ipitishe taratibu kwenye mbao nzima. Ikinasa mahali, hapo pana ufa au kibanzi. Utazame kwa mbele kama ncha hazijapinda upande mmoja. Ugwe usiuweke kwa kuuvusha mguuni kama tulivyofanya utotoni, unasokota mbao. Ipo kamba maalumu ya kuutegea, bei yake ndogo. Ugwe wenyewe uwe wa dakroni, uzi unaovutika kidogo. Zile nyuzi mpya zisizovutika zinaweza kupasua ncha za upinde wa zamani. Na kamwe, narudia kamwe, usiuachie ukiwa mtupu bila mshale. Nguvu yote iliyopaswa kwenda na mshale inarudi kwenye mbao.

Mishale ya mbao ikunje kidogo karibu na sikio kila kabla ya kupiga. Ukisikia kitu kama ukuni mkavu unavyolia, vunja, tupa.

Nyuma ya nyumba unaruhusiwa kufanya mazoezi kama manispaa yenu haijakataza. Kuwinda ni suala jingine: kwa mshale lazima uwe yadi 50 kutoka nyumba yenye watu, isipokuwa wenyewe wamekuruhusu. Na kozi ya mwindaji mpya ni ya lazima, halafu leseni ya kawaida, halafu ya mishale juu yake. Anza na kozi leo.

Chausiku Nyama Choma

Mimi niko Tandika nasoma huu uzi na sahani ya mhogo mkononi. Watu mna maisha. Kilo ya nyama huko ni dola ngapi hadi umwage jasho miezi miwili kwa boksi la matambara?

Mama Shukuru

Chausiku, we kula mhogo wako, mdogo wangu, tutakuita kwenye mchuzi.

Mdogo wangu Mdigo, mimi napiga upinde huku mwaka wa tisa, nilifundishwa na shemeji yangu. Fundi amekueleza upinde. Mimi nakueleza mnyama, maana nimewahi kumpoteza mmoja na bado ananirudia usiku.

Ilikuwa Novemba, baridi, msitu kimya kabisa. Jike lilisimama yadi 28. Kwenye boksi nilikuwa napiga yadi 28 bila shida, nikajiambia huyu wangu. Niliachia. Sasa fikiria: mlio wa upinde unakwenda kama mita 340 kwa sekunde, mshale wangu labda mita 50. Mlio ulimfikia kabla mshale haujatoka vizuri, na mshale ulihitaji nusu sekunde nzima. Kulungu akisikia hachupi juu, anajikunja chini kwanza ili apate nguvu ya kuruka. Mgongo ulishuka, akageuka, mshale ukaingia nyuma, kwenye tumbo. Nikauona unayumba pembeni mwake akikimbia.

Kosa la pili likawa kubwa kuliko la kwanza. Nilishuka mtini nilikokaa nikamfuata palepale. Damu ilikuwa kidogo, nyeusi, na kwenye majani kulikuwa na kitu cha kijani kinachonuka kama utumbo wa mbuzi Jumamosi machinjioni. Kile ndicho kilikuwa kinaniambia rudi nyumbani, lakini sikujua kukisoma. Mnyama wa namna hiyo ukimwacha analala mahali karibu, anafia pale. Unarudi baada ya muda wa saa sita au nane, au kesho yake kama kuna baridi. Mimi nilimfukuza akavuka mto, akaenda. Tulitafuta siku mbili.

Kwa hiyo mimi sasa yadi 15, zikizidi sana 18. Awe amesimama ubavu, au amenigeuzia mgongo kidogo, kamwe si uso kwa uso. Nalenga nyuma tu ya bega, theluthi ya chini. Damu ya waridi yenye povu ni mapafu: kaa chini, kunywa chai, subiri nusu saa hivyohivyo. Mshale uwe mzito, karibu gramu 30 pamoja na chembe, yaani ncha yake ya chuma, na chembe hiyo inyoe nywele za mkono. Isiponyoa, usitoke nyumbani.

Mwana Eyasi

Mimi nimekulia Mang'ola, tumeishi na Wahadzabe, wale wawindaji wa kando ya Ziwa Eyasi. Naongezea moja tu kwa mleta uzi, asije akaingia msituni na mawazo ya video za kule.

Mhadzabe ana mishale ya aina mbalimbali podoni. Wa ndege na pimbi ni mti mtupu uliochongwa. Wa mnyama mkubwa una chembe ya chuma iliyopakwa sumu, ama ya mmea wa waridi la jangwani, ama ya mbegu za mmea uitwao strofanto. Sumu ndiyo inayomaliza kazi, ndiyo maana anaweza kufuata nyayo bila haraka. Huko kwenu sumu ni marufuku, kila kitu kinategemea makali ya chembe na mahali ulipopiga. Watu wanaona upinde ni upinde. Si kweli.

Ila kile wanachofanya kabla ya kupiga kiige chote. Kutazama upepo. Kusimama nusu saa bila kukohoa. Mzee mmoja kule alikuwa akiokota vumbi anaachia hewani kila hatua chache, mpaka mimi mtoto nachoka.

Ndugu wa Kitui

Kwetu Ukambani babu zetu walikuwa na pinde na sumu yao vilevile. Lakini ndugu, ukija likizo usije ukajaribu hiyo kazi Kenya, uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977. Tanzania nako bila kibali ni jela. Mazoea ya Marekani yaache uwanja wa ndege.

Shekhe Mtambuka

Wa alaykum salaam. Swali la halali halijajibiwa, nalijibu.

Mnyama wa kuwindwa ana hukumu yake, si ile ya ng'ombe wa buchari. Ipo hadithi ya sahaba Adiyy bin Hatim katika vitabu vya Bukhari na Muslim, alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, mambo haya haya. Muhtasari wake: unapouachia mshale taja jina la Mwenyezi Mungu. Ukimkuta amekufa kwa mshale wako, kula. Ukimkuta yu hai, mchinje. Ukimkuta ndani ya maji, usile, kwa sababu hujui kama ni mshale au ni maji yaliyomuua. Akipotea ukampata baadaye na hana alama nyingine ila ya mshale wako, kula ukitaka. Kwetu sisi wa madhehebu ya Shafii kusema bismillahi ni sunna, kwa wengine ni wajibu, basi usiache. Itamke pale unapoachia, si asubuhi unapofunga viatu.

Sasa kuna jambo ambalo naona hakuna aliyeligusa. Kwa sungura na kindi, wawindaji wa huko hutumia mshale wenye kichwa butu, wa mpira au chuma bapa. Unaua kwa kishindo. Katika hadithi hiyohiyo, kinachokatwa kwa makali huliwa, kinachokufa kwa kugongwa ni sawa na yule aliyetajwa katika Suratul Maida, aliyekufa kwa kupigwa. Huyo haliwi, labda umuwahi yu hai umchinje. Kwa hiyo wewe tumia ncha kali hata kwa sungura, mishale itapotea mingi, utavumilia.

Fundi Podo

Shekhe umenifundisha, mimi Mkristo miaka yote nawapa marafiki zangu Waislamu sungura wa mshale butu. Nitawaomba radhi.

Mdigo, mengine ya haraka. Ukikaa kwenye dungu juu ya mti, vaa mkanda wa usalama tangu mguu unaacha ardhi, watu huanguka wakati wa kupanda na kushuka. Ukimpata, jaza lebo na umfunge nayo kabla hujamsogeza, kisha toa taarifa ndani ya siku 10. Na najua tunavyopenda supu ya kichwa na uti wa mgongo. Pennsylvania ina ugonjwa wa ubongo wa kulungu, na kuna maeneo ambayo sehemu hizo hairuhusiwi kuzitoa. Haijathibitishwa kwamba unampata binadamu, lakini ushauri ni kupima, na aliyekutwa nao asiliwe. Minofu na mapaja vinakutosha.

Mdigo wa Erie

Wakuu narudi, leo ni mwisho wa Oktoba.

Kozi nimepita. Nimenunua upinde wa paundi 30, nimefika 40 wiki iliyopita, mkono haujachapwa tena. Upinde wa mzee uko ukutani sebuleni, kwenye pamba ulinasa sehemu mbili.

Kulungu sijapiga. Mmoja alikuja yadi 12, dume dogo, akasimama ananitazama uso kwa uso anatafuna mbegu za mwaloni. Nilisikia meno yake. Nimekaa na mshale kwenye ugwe mpaka vidole vikafa ganzi, hakugeuka, akaondoka zake. Mama Shukuru nilikukumbuka.

Juzi nimepata sungura, ncha kali, bismillahi, yadi tisa. Kabla yake nimepoteza mishale minne majanini. Mke wangu amempika na nazi ya kopo, ametosha watu watatu kwa kusukuma na wali. Bakuli moja nimempelekea mzee. Amekula akanyamaza, kisha akaniuliza kama upinde wake bado unapumzika, au nimeshaanza kuuvuta.