Kijana niliyekabidhiwa Nyarugusu halali usiku: nimwache au nimhimize aseme?

Mama Mlezi: Ndugu zangu, habari za leo. Ninaishi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na maofisa wa ulinzi wa mtoto wamenikabidhi kijana wa miaka 13 aliyevuka Ziwa Tanganyika kutoka upande wa Fizi, Kongo, akiwa na majirani tu, baada ya kupotezana na mama yake njiani. Mchana hana neno: anachota maji, anakwenda shule, anacheka na wenzake. Usiku analala na viatu miguuni, ubavuni ameweka bonge la ugali uliopoa ndani ya mfuko, na radi ikipiga hutoka nje mbio. Siku hizi anakojoa kitandani, tena huamka alfajiri kufua shuka ili wanangu wasijue. Majirani wanasema ana mapepo, muuza duka ananishauri nimpe vidonge vya usingizi, na mume wangu anaona kwamba tukimkalisha chini akasimulia yote, atatua mzigo. Nifuate lipi?

Muuguzi wa Kasulu: Pole, mama, na hongera kwa moyo huo. Vidonge achana navyo kabisa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unaonya dhidi ya kuwapa watoto dawa za jamii ya diazepamu kwa sababu ya kukosa usingizi baada ya tukio la kutisha. Kuhusu kukojoa, mpeleke kituo cha afya apimwe mkojo, maana huenda kuna maradhi. Yakikosekana, asiadhibiwe wala asitaniwe. Kumkalisha asimulie kwa mkupuo hakumponyi, na huenda kukamrudisha kulekule alikokimbia. Akianza mwenyewe, hata kwa sentensi moja wakati mnapepeta mchele, msikilize bila kumdadisi. Ikiwa hali hii imepita mwezi mmoja na inamharibia masomo au afya, omba rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili.

Mtumishi wa Kanisa: Msiyadharau maombi. Wengi wetu tumesimama kwa sababu yake.

Muuguzi wa Kasulu: Sijayadharau, mtumishi. Akitaka kuombewa, aombewe kwa utulivu. Ninachokataa ni kumfungisha chakula mtoto ambaye tayari anaficha ugali, au kumzungushia umati unaopiga kelele.

Mkazi wa Ujiji: Dada, mimi nilivuka mwaka 1996 nikiwa mtoto, bila mzazi. Viatu mwachie, kwa kuwa anajiandaa kukimbia, na siku atakapoamini kwamba hakuna wa kumkimbiza atavivua bila kuambiwa. Ugali nao usimnyang'anye. Mtafutie kopo lenye mfuniko, umwambie ni lake, na kila jioni ulijaze mbele ya macho yake. Mlezi wangu alinifanyia hivyo, nami nikaacha kuiba viazi jikoni. Lakini kilichonitesa kuliko ndoto ni kutojua kama mama yu hai. Je, ameandikishwa Msalaba Mwekundu ili watafute ndugu zake? Hawatozi fedha, na barua wanazopeleka hubeba habari za familia tu. Hakikisha majina ya wazazi, kijiji na jina la utani la nyumbani yameandikwa sawasawa. Usimwahidi kwamba mama atapatikana. Mwambie tu kwamba anatafutwa na wewe unafuatilia.

Afisa Ustawi Mstaafu: Naongeza moja. Mkichoka, msimhamishie kwa jirani kimyakimya, bali mrudi kwa afisa aliyewakabidhi, kwa sababu kila nyumba mpya humrudisha mwanzo. Akitishiwa au akipigwa na yeyote, namba 116 ya huduma kwa mtoto haina malipo.

Mama Mlezi: Asanteni sana. Mume wangu amesoma majibu yote na amekubali tusimhoji. Nimeangalia karatasi za kijana: ameandikishwa, ila jina la mama yake limeandikwa tofauti katika kurasa mbili. Jumatatu tutakwenda naye kulisahihisha, yeye mwenyewe akilitamka.